Wapagani Waliofungua kwa Sala

Jumatatu, 2 Desemba

Mtihani wa mwisho wa kidato cha nne ulikuwa Ijumaa. Nimelala Jumamosi na Jumapili. Leo Mama amesema imetosha.

Ameshanipangia. Nikafanye kazi kwa dada yake, Mama Mkubwa Agnela, anayeuza mapazia ya mtumba sokoni Kwa Mrombo. Kazi yenyewe ni kusimama juu ya stuli mbele ya duka na kuita wateja. Kwa sauti. Kutwa nzima. Mimi. Mimi ambaye darasani nilikuwa naitika "nipo" na mwalimu bado ananiandika mtoro, nikiwa nimekaa mbele yake.

Nilimwambia Mama koo langu ni dhaifu. Akasema Mama Mkubwa ana tangawizi.

Lakini nina mpango. Kuna shindano la filamu fupi za vijana. Tangazo limebandikwa Kaloleni, kwenye ukuta wa duka la kusafisha picha. Watakaochaguliwa watasomeshwa kutengeneza filamu, bure. Mwongozaji wa filamu hasimami juu ya stuli. Anakaa nyuma ya kamera, ananyamaza, watu wanamheshimu. Hiyo ndiyo kazi yangu.

Mama amekubali kwa shingo upande. Filamu ipokelewe kabla ya Jumatatu ijayo saa sita mchana. Majibu ni Jumamosi ya tarehe 14. Nikichaguliwa, naenda kusoma. Nisipochaguliwa, Jumatatu yake niko kwenye stuli.

Filamu itakuwa ya kutisha. Inaitwa Mungu wa Ukungu. Kijana wa mjini anapanda Mlima Meru kununua ndizi. Anafika kijiji kilichojitenga. Wanakijiji wanamkaribisha vizuri mno. Kumbe wanaabudu ukungu. Mwishoni wanamfunga kwa kamba za migomba na kumtoa sadaka juu ya jiwe, pamoja na mbuzi. Niliiandika wakati wengine wanarudia hesabu.

Kijiji ninacho. Ni kwa Bibi Kaanaeli, mama yake Baba, kule juu lami inakoishia. Wapagani ndio sina. Kijiji kizima ni Walutheri.

Jumanne, 3 Desemba

Nimefika kwa Bibi. Kijiji hakijajitenga kama nilivyokumbuka. Mtandao unashika kuliko nyumbani.

Bibi ni mwenyekiti wa akina mama wa kanisa. Mtu wa namna hiyo unamwambiaje unatafuta wapagani? Nilijaribu. Nilisema shikamoo. Nilikunywa maziwa. Nikaanza kusema filamu yangu inahusu watu ambao wana… Bibi akaniangalia. Nikamalizia kwamba wana shukrani kwa Mungu kwa ajili ya mavuno. Si uongo kabisa. Sikutaja mungu yupi.

Bibi alifurahi mpaka akaniongezea maziwa. Akampigia simu hapo hapo Mzee Naftali, mzee wa kanisa. Mimi nilikuwa nimeomba watu wanane, wakimya, wenye nyuso za huzuni. Nikamsikia Bibi akimwambia kwamba mjukuu wake anataka kwaya.

Halafu jambo baya zaidi. Bibi amesema Princess atanisaidia. Princess ni binamu yangu, mtoto wa shangazi, tuko rika moja. Ana wafuasi wengi mtandaoni kwa sababu ya kujirekodi akicheka. Ana kijiti cha kushikia simu na taa ya duara. Mimi nina simu yenye kioo kilichopasuka. Bibi alisema mmoja wetu ana sauti na mwingine ana akili, tukishikana tutafika. Princess akauliza yeye ni yupi.

Alhamisi, 5 Desemba

Suala la mavazi limetatuliwa. Kwa ujanja.

Wapagani wa kutisha huvaa nguo nzito, rangi moja, mpaka chini. Nilishuka Kwa Mrombo. Mama Mkubwa alikuwa amefungua belo jipya la mapazia ya mahameli, rangi ya maruni kama damu iliyokauka. Nilimwambia naomba kuyaazima yote, nataka kumtengenezea tangazo la duka. Akasema niongeze sauti. Nikarudia. Akasema hasikii, na kwa sauti hiyo ya mbu nitauza nini. Mwishowe nilimwandikia ujumbe kwenye simu, naye akausoma nikiwa nimesimama mbele yake. Akafurahi. Akanifungashia mwenyewe. Sharti moja: yarudi yote, bila doa.

Sasa Bibi anaamini filamu moja na Mama Mkubwa anaamini nyingine. Lazima nikumbuke nani anaamini nini.

Jioni tukafanya mazoezi kwa Bibi. Badala ya watu wanane wamekuja kwaya kuu, kwaya ya vijana, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliyekuwa anapita tu. Mzee Naftali amekuja na suti. Ndiye kuhani mkuu wa ukungu. Alisema hatuwezi kuanza jambo bila kumtanguliza Mungu. Wapagani wangu wakafungua kwa sala. Ndefu. Niliombewa kwa jina. Simu yangu pia iliombewa, kwa ajili ya chaji.

Siwezi kusema mbele ya watu, kwa hiyo nilipanga hivi: namnong'oneza Princess, Princess anawatangazia. Nilinong'ona kwamba wasitabasamu, waonekane wana siri mbaya. Princess akapaza sauti: "Dairekta anasema mmependeza mno, ila akina mama wa mbele muinue nyuso." Nilinong'ona kwamba watembee kama watu waliotekwa akili. Princess: "Mwendo wa harusi, jamani. Ule ule." Wakatembea mwendo wa harusi. Wanaujua sana.

Kisha wimbo wa ukungu. Nilitunga noti moja tu, ya chini, isikike kama mlima unaumwa tumbo. Waliimba mara moja. Mwalimu wa kwaya akasema ni tupu. Akagawa sauti nne. Ikawa nzuri mno. Mama mwenye mtoto akalia. Nilinong'ona waombwe kuimba vibaya. Princess akawaambia dairekta ameguswa.

Ijumaa, 6 Desemba

Mzee Naftali amesoma maneno yake. Yako hivi: "Ee Ukungu, pokea damu hii." Aliniita pembeni, akavaa miwani, akauliza hayo yametoka kitabu gani na sura ya ngapi.

Nilitaka kusema ukweli. Mdomo ukasema ni sala ya kale ya Wameru, kabla ya injili.

Akafikiri. Akasema babu yake alikuwa mpagani kamili, alikufa bila ubatizo, na hakuwahi kusema maneno ya namna hiyo. Asubuhi alikuwa anasimama anautazama mlima, anamwaga maziwa kidogo, anashukuru, anarudi shambani. "Ukungu ulikuwa haumhusu, binti yangu. Alikuwa na migomba ya kupunguzia majani."

Nimesikitika. Hata wapagani wa kweli walikuwa kama Walutheri.

Mwishowe amekubali, kwa sharti kwamba filamu iishe kwa wote kubatizwa. Nimesema sawa. Nitakata kipande hicho.

Anayetolewa sadaka ni Joel. Anaendesha bodaboda na anaimba besi. Sina hisia zozote juu yake. Naandika tu kwa ajili ya kumbukumbu kwamba ana mabega. Leo nilipanga kumweleza mwenyewe jinsi ya kuonyesha hofu. Nilimfuata. Nikasema "mbuzi". Nikaondoka. Princess ndiye aliyemweleza, na alichukua muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Mbuzi amepatikana. Bibi ameniazima mbuzi wa Krismasi, aliyefungiwa ndani akilishwa majani ya migomba tangu Pasaka, mnene kama sofa. Ukoo wote unakuja kumla sikukuu. Bibi amenishika sikio akasema arudi kama alivyotoka.

Jumamosi, 7 Desemba

Sijui nianzie wapi. Naanza na ukungu. Haukuja.

Wiki nzima ulikuwa unaingia mpaka jikoni. Leo Meru ilikuwa wazi hadi kileleni, kama picha ya kalenda. Niliagiza kupitia Princess kwamba majani mabichi yachomwe tupate moshi. Moshi wote ukaenda kwa mbuzi.

Wapagani wakatokea kwenye migomba wamevaa mapazia. Naandika kwa haki: walitisha. Maruni kutoka shingoni hadi miguuni, kimya, macho mbele. Mwili ulinisisimka. Halafu wakaanza kusalimiana Bwana Yesu asifiwe. Akina mama wawili walikuwa wanapimana mapazia kwa mikono wakibishana kama yatafika chini kwenye dirisha la sebuleni.

Tukaingia onyesho la mwisho. Madhabahu ni lile jiwe kubwa nyuma ya zizi la Bibi. Joel amelala juu yake, amefungwa. Mbele yake sadaka za ukungu, ambazo wanakijiji walizileta wenyewe bila kuombwa mara mbili: mikungu ya ndizi, kapu la mayai, kibuyu cha maziwa, maparachichi, mbuzi. Sala. Wimbo. Sauti nne. Nikawasha simu. Mzee Naftali akainua mikono. Alitakiwa kusema Ee Ukungu.

Hapa lazima nieleze. Katika kanisa la kwa Bibi, watu wakitoa sadaka ya mazao, ibada ikiisha wote wanasimama nje na mazao yananadiwa. Mnadishaji ni Mzee Naftali. Amenadi tangu Baba akiwa mtoto. Mimi nilimsimamisha nje, kwaya imemaliza kuimba, watu wamezunguka, rundo la mazao liko miguuni pake. Sasa naona. Wakati ule sikuona.

Mikono ikabaki juu. Akalitazama rundo. Uso ukamlegea, kama mtu aliyefika nyumbani kwake. Kisha akainua kapu la mayai.

"Haya, wapendwa. Mayai ya kienyeji. Kuku wake amelelewa kwenye familia ya Kikristo. Nani anaanza?"

Nilidhani anabuni. Waigizaji wakubwa hubuni. Lakini sauti ya pili ikaanza, besi ikaongeza, mayai yakaenda. Ndizi zikaenda. Nilimvuta Princess nguo, nikanong'ona awasimamishe. Princess akapaza: "Dairekta anasema mnaongeza kidogo kidogo kwa nini, mabati ya kanisa yanunuliwe na nani?"

Akaja mbuzi. Aliyemnunua akamrudisha kwa Bwana ili anadiwe tena, kama desturi ilivyo. Aliyefuata naye akamrudisha. Kila mtu akapiga makofi. Mbuzi alinunuliwa na kurudishwa mpaka akaanza kujiona mtu. Bibi mwenyewe alimpandia dau mbuzi wake, anacheka. Mwishowe mwalimu wa kwaya akamchukua, na hakumrudisha.

Bibi akaacha kucheka.

Nikajipa moyo kwamba bado nina Joel. Sadaka ya binadamu ndiyo kilele cha filamu yenyewe. Mzee Naftali akafika kwenye jiwe, akamtazama Joel kuanzia miguuni.

"Na huyu naye ameletwa. Kijana ana nguvu, hanywi, pikipiki anayo. Kutwa moja ya kupalilia kahawa. Nani anaanza?"

Akina mama walicheka mpaka mapazia yakaanza kuvuka mabegani. Joel alisema yeye ni wa kufa tu, hakukubaliana kupalilia. Mzee Naftali akamwambia atulie, bado dau ni dogo. Joel akajaribu kujinunua mwenyewe, lakini mikono ilikuwa imefungwa, na kila alipotikisa kichwa ilihesabiwa kuwa unyenyekevu. Mjane mmoja akampata. Aende Jumanne ya tarehe 17, na jembe lake.

Rundo likaisha. Mzee Naftali akaangalia huku na huku. Hakukuwa na kitu. Kisha akashika pindo la vazi lake, akalisugua kwa vidole.

"Na vitambaa hivi je? Naona ni vizuri."

Hapo niliiona stuli. Niliiona wazi, miguu yake yote. Mapazia yasiporudi, hakuna shindano litakaloniokoa kwa Mama Mkubwa.

Kilichofuata nakikumbuka vipande vipande. Niko juu ya jiwe, pembeni ya Joel. Kuna sauti kubwa. Sikujua ni ya nani. Ilikuwa inasema msithubutu, hivyo si vitambaa, hayo ni mapazia ya mahameli kutoka kwa Mama Agnela, Kwa Mrombo, belo jipya, mazito, hayapauki, hayapitishi jua wala macho ya majirani, na hayawezi kutoka kwa bei ya kutupa namna hiyo!

Mbuzi mwenyewe aliacha kutafuna.

Kisha dau likapanda.

Nilisema hayauzwi. Likapanda. Nilisema mengine kama hayo hayapo mji mzima. Likapanda kwa pande mbili, soprano na tenori. Kila nilichosema kiliongeza. Yakaisha yote. Wapagani wamerudi makwao wamevaa walichonunua.

Hawakubatizwa. Mzee Naftali alisahau.

Nilipokumbuka kamera, simu yangu ilikuwa imeegemea mti na inarekodi mgongo wa mbuzi. Simu ya Princess ilikuwa kwenye kijiti chake. Imenielekea mimi.

Jumapili, 8 Desemba

Mchungaji ametangaza kwamba mnada wa jana umefunika upande mmoja wa paa. Akaomba binti aliyebuni shughuli ile asimame abarikiwe. Nilijificha nyuma ya Bibi. Bibi akasogea. Bibi hajanisamehe mbuzi.

Nilisimama. Nikasema kitu. Hakuna aliyesikia. Wakajibu amina.

Jumatatu, 9 Desemba

Nimerudi mjini na nimehariri tangu alfajiri. Nilichonacho ni watu wanatabasamu, watu wanaomba, watu wanatembea mwendo wa harusi, na mnada. Nikaondoa rangi. Ukawa mnada wa zamani. Nikaongeza sauti ya upepo. Ukawa mnada wenye upepo. Nikaandika MUNGU WA UKUNGU kwa herufi zinazochuruzika damu. Hapo pakabadilika kidogo.

Nimeituma kabla ya saa sita. Nina matumaini makubwa. Mbuzi, ukimtazama kwa karibu, anatisha.

Mama Mkubwa anapiga simu. Sipokei. Koo.

Jumamosi, 14 Desemba

Majibu yametoka.

Ujumbe wenyewe ni wa heshima. Waamuzi wameshukuru kwa filamu tulivu ya kumbukumbu kuhusu desturi za shukrani katika miteremko ya Meru. Wamesema imewapa amani. Wamesikitika kwamba shindano ni la hadithi za kubuni tu, na wameshauri niwapelekee akina mama wa usharika. Wamesifu pia herufi za mwanzo, zilizopambwa kwa divai ya Meza ya Bwana.

Princess amechaguliwa. Sikujua hata kama ameshiriki. Filamu yake ni fupi mno na inaitwa Dairekta. Ni mimi, juu ya jiwe. Waamuzi wameuliza mwigizaji wa ajabu namna ile amempata wapi. Princess amewajibu ni msichana fulani wa kijijini, ana kipaji ila haelekezeki.

Ameirusha mtandaoni. Mtaa wetu wote wa Daraja Mbili umeiona. Jioni Mama Mkubwa alikuja nyumbani. Nilijifungia chumbani, nikatega sikio nikisubiri habari za mapazia. Nikasikia sauti yangu mwenyewe, kutoka kwenye simu yake, ikisema hayapitishi macho ya majirani. Akairudia. Akairudia tena.

"Mdogo wangu, mtoto huyu mlikuwa mmemficha wapi? Tangu asubuhi wateja wanakuja wanataka yale ya macho ya majirani."

Mama alisema, kwa haki, kwamba koo langu ni dhaifu. Mama Mkubwa alicheka mpaka akatafuta kiti. Akasema mapazia yaliyoingia kanisani hayadai, kanisa ni kanisa hata la Walutheri. Anachodai ni hilo koo. Jumatatu, mapema.

Jumatatu, 16 Desemba

Stuli ni ndefu kuliko nilivyofikiri.

Nilipanda. Nikasema karibuni. Hakuna aliyegeuka. Mama Mkubwa akasema nifanye kama kwenye jiwe. Nikamweleza, kwa kunong'ona, kwamba sauti ile si ya kuita, ilitoka kwa sababu vitu nilivyokabidhiwa vilikuwa vinauzwa. Akafikiri kidogo. Akachukua simu yangu, akainyanyua juu katikati ya njia, akauliza wapita njia nani anaanza.

Nimeita wateja mpaka jioni. Simu yangu bado anayo mfukoni mwa aproni. Anaitoa kila nikipoa.

Lakini kule juu mtu anapata nafasi ya kutafakari. Nimepitia jambo zima, hatua kwa hatua, na nimeona kosa lilikuwa wapi. Halikuwa kwenye mpango. Mpango ulikuwa mzuri. Kosa ni kwamba walikuwa Walutheri. Ukiwawekea ndizi mbele, lazima wanadi.

Mama Mkubwa ni Mkatoliki wa Rombo. Jumuiya yao inakutana Jumamosi uani, nyuma ya duka. Nimewachungulia. Watu wachache, watulivu, nyuso za huzuni, na mishumaa wanayo ya kwao. Belo jipya la mapazia linafunguliwa wiki hii, na kuna meusi.

Nimemwambia Mama Mkubwa nataka kuwatengenezea filamu ya maisha ya mtakatifu. Amefurahi mpaka amenirudishia simu kwa muda. Joel nimempata, anasema yuko tayari kufa tena akimaliza kupalilia. Mtakatifu gani, sijaamua.

Kilichobaki ni mbuzi.